Buti la Agosti

Saa tisa na nusu usiku mtaa wetu wa Esch umelala,
na baba yuko nyuma ya gari, amevaa fulana ya ndani,
analitazama buti tupu
kama anavyotazama kiwanja kisichochimbwa msingi.

Alikuwa mwashi. Timazi haikutoka mfukoni mwake
hata siku za misa.
Kilomita elfu mbili kasoro zilitungoja hadi Sobrais,
kwa bibi, kwa ng'ombe wake wawili,
kwa choo kilichokuwa hakijapata vigae.

"Kizito chini, na kiguse mgongo wa kiti."
Akaanza na cherehani ya shangazi Felismina,
akaisukuma mpaka ikagoma.
Kisha vigae. Kisha makopo ya rangi.
Mapengo akayaziba kwa taulo, kwa soksi, kwa mfuko wa mchele.
"Ukuta hauangushwi na tofali," alisema.
"Unaangushwa na upenyo."

Mama alishuka ngazi na kifurushi cha mwisho.
Akapanda, akashuka tena na kifurushi cha mwisho.
Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
lakini baba kila kimoja alikipima mkononi,
macho ameyafumba, kabla ya kukipa mahali.
Hakuna kilichopita urefu wa kiti.
Mikanda miwili, msalaba, kutoka pete hadi pete;
akavuta, akaupiga kidole:
ukilia dum, bado,
ukilia ti, twende.
Pembetatu ya tahadhari juu kabisa, karibu na mlango.
"Ajali haitakungoja upakue vigae."

Mimi nilikuwa na miaka tisa
na kopo la biskuti lililojaa kokoto za mto Alzette,
ushahidi kwa binamu yangu Nelio
aliyeapa kwamba huko kwetu hakuna mto.
Baba alipoinama kupima upepo wa tairi
nililiweka kwenye kibao cha nyuma, chini ya kioo.
Nilitaka lione njia.

Tulikuwa tumeipita Burgos, jua la saa nane,
lori lililotutangulia lilipomwaga mbao.
Baba akasimama juu ya breki kwa uzito wake wote.
Cherehani haikusogea.
Vigae havikusogea.
Kopo likaruka.

Lilinipita sikioni, likampata mama
juu kidogo ya sikio lake la kulia,
na kokoto zikanyesha kwenye dashibodi,
kwenye mapaja yake, kwenye zabibu alizokuwa akitumenyea.

Mishono saba.
Daktari aliuliza jiwe limetoka wapi.
"Nyumbani," mama akajibu,
na hakuna aliyemuuliza ni kupi.

Baba hakunipiga. Wala hakunisema.
Pale pale nje ya hospitali alishusha kila kitu,
akakitandaza kwenye lami, cherehani hadi mswaki,
akanikabidhi mkanda.
"Panga wewe."
Watu walipita wakitutazama kama wauza mitumba.
Nilipanga mpaka jua likaingia nyuma ya paa.
Alinisahihisha mara moja tu:
kokoto zilizookotwa alizitia kwenye soksi yake,
akafunga fundo, akazizika chini kabisa.

Leo napakia mimi.
Gari ni langu, mgongo wa baba hauko tena wa kubeba;
atashuka mwisho, kwa mkongojo,
kwa sasa yuko dirishani, ghorofa ya pili.
Mama keshakaa mbele. Nywele zake siku hizi ni fupi
na uzi ule mweupe juu ya sikio unaonekana.
Mapajani ana keki. Nimemnyang'anya keki.
Nimeishindilia kati ya mablanketi, akanuna.

Navuta mkanda. Naupiga kidole.
Mtaa kimya, hata paka hakuna.

Kisha kutoka juu, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuamsha majirani:
"Hiyo ni dum, Ivone. Vuta."